Insulini ya mchanganyiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa aliyetoka kliniki na boksi la insulini mkononi, au wa mtu wa nyumbani atakayekuwa akimchoma. Maswali ni yale tunayoulizwa kila siku ya kliniki, na majibu ni ya jumla. Idadi ya yuniti zako anaipanga daktari wako, si ukurasa huu wala jirani mwenye kisukari kama chako.

Mchanganyiko wa nini na nini?

Ni insulini mbili ndani ya kichupa kimoja. Chukua Mixtard 30, ambayo wengi wanaifahamu: asilimia 30 ni insulini ya haraka, inayoanza kazi baada ya nusu saa hivi na kuwa na nguvu zaidi kati ya saa 2 na 4. Asilimia 70 ni insulini ya kati, NPH, iliyofungwa na protini ili iyeyuke polepole chini ya ngozi. Hii nguvu yake huja baadaye, kati ya saa 4 na 10 baada ya kuchoma. Ile ya haraka inapokea chakula ulichonacho mbele yako, na ile ya kati inashughulikia saa zinazofuata.

Faida yake ni kwamba mtu huchoma mara mbili kwa siku badala ya mara nne. Gharama yake ni kwamba umeshafungwa na saa. Ukishachoma asubuhi, insulini ya mchana tayari iko mwilini, ule usile. Ajali nyingi tunazoziona kwa watumiaji wa mchanganyiko chanzo chake ni hapo.

Nimechoma asubuhi vizuri, nikanywa chai vizuri. Mbona sukari imeshuka saa saba mchana?

Kwa sababu chakula cha mchana kilichelewa. Hesabu mwenyewe: umechoma saa moja asubuhi, basi NPH iko kwenye nguvu zake kuanzia saa tano hadi jioni. Konda wa daladala anayesema "nitakula tukifika mwisho wa gari", halafu foleni ikamkamata, anaanza kutetemeka mikono akihesabu chenji. Fundi aliye juu ya paa naye ni vivyo hivyo. Kazi yako ikiwa haina saa maalumu ya kula, mwambie daktari hivyo hivyo bila kuona haya, maana huenda mchanganyiko si dawa ya maisha yako na kuna mipango mingine. Wakati huo huo weka kitu mfukoni cha kula katikati: ndizi, karanga na muhogo kidogo, chochote ambacho hakitasubiri hadi gari lifike.

Nichome muda gani kabla ya kula?

Inategemea jina lililo kwenye boksi. Mchanganyiko wa insulini ya binadamu (iliyotengenezwa maabara ifanane na ya mwili), kama Mixtard 30 au Humulin 70/30, huchomwa nusu saa kabla ya chakula. Mchanganyiko wa kisasa, kama NovoMix 30, huanza haraka zaidi, kwa hiyo unachoma chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Na hata kwa ile ya nusu saa, usichome ugali ukiwa bado ni unga. Mkaa ukigoma kuwaka utajikuta na insulini mwilini na sufuria la maji baridi jikoni. Choma pale unapojua kwa uhakika chakula kiko njiani.

Pima kwanza ukiweza. Ukikuta chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine zinazoonyesha miligramu), usichome. Kunywa sukari, subiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda ndipo uchome na ule papo hapo, na idadi ya yuniti siku hiyo waulize kliniki.

Kwa nini dawa yangu ina ukungu? Imeharibika?

La, ndivyo inavyotakiwa kuwa. NPH ni chembechembe zisizoyeyuka, na kichupa kikikaa zinatulia chini kama maji ya dagaa yaliyoachwa: juu maji meupe yanayopitisha mwanga, chini tope jeupe. Ukivuta hivyo hivyo, leo utachoma ya haraka tupu na wiki ijayo utakuwa unachoma ya kati tupu, na sukari itapanda na kushuka bila sababu unayoiona.

Kiviringishe kati ya viganja mara 10, kisha kipindue juu chini polepole mara 10. Kitazame kwenye mwanga. Kikiwa cheupe sawasawa kote kama maziwa, vuta. Kikiwa bado na tabaka, rudia. Usikitikise kama dawa ya kikohozi, kwa sababu povu litakuibia dozi. Ukiona mabonge, au chembe nyeupe zimeganda kwenye kioo hata baada ya kuviringisha, hicho hakifai tena, hata kama hakijafika nusu.

Wanaotumia kalamu ya insulini, kile kifaa cha kuchomea chenye umbo la kalamu, nao wanapaswa kupindua. Ndani ya kalamu kuna kigololi cha kioo kinachokoroga, nacho kinahitaji nafasi ya kutembea. Zikibaki chini ya yuniti 12, anza kalamu au katriji mpya.

Bomba la sindano: lolote linafaa?

Hapana, na hapa naomba usome polepole.

Insulini zetu nyingi ni za nguvu ya yuniti 100 kwa kila mililita moja, na boksi huandikwa 100 IU/ml. Bomba lake ni U-100, ambalo mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Lipo bomba jingine, U-40, ambalo kifuniko chake huwa chekundu, lililotengenezwa kwa insulini hafifu zaidi. Ukivuta dawa ya nguvu 100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 20, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi yako, na mtu anaweza kulala asiamke. Rangi ya kifuniko isikutoshe: soma maandishi yaliyo kwenye bomba lenyewe.

Mtego wa pili ni kuhesabu mistari. Kuna mama aliyefundishwa na mwanawe "vuta mistari tisa", naye akawa sahihi kabisa miezi yote, kwa sababu kwenye bomba lake la mililita 1 kila mstari ulikuwa yuniti 2, na dozi yake ilikuwa 18. Duka likaishiwa, akapewa mabomba ya nusu mililita ambayo kila mstari ni yuniti 1. Akaendelea na mistari yake tisa, na sukari ikapanda hadi 20. Jifunze namba, usijifunze mistari. Kama macho hayaoni vizuri, na kisukari kinajua kuyala macho, aliye na macho ndiye avute, au uulizie kalamu.

Nionyesheni hatua za kuvuta.

Nawa mikono. Korogesha kichupa kama tulivyosema. Vuta hewa kwenye bomba kiasi sawa na dozi yako, ipulizie ndani ya kichupa kikiwa kimesimama, kisha kigeuze kichwa chini na uvute dawa. Viputo vikionekana, gonga bomba kwa kidole, virudishe, uvute tena. Kiputo hakitakuua. Tatizo lake ni kwamba kimekalia nafasi ya dawa. Soma namba kwa sauti, na mwenzako asome pia kama yupo.

Kwa kalamu: funga sindano mpya, toa yuniti 2 hewani uone tone, ndipo uzungushe dozi. Ukishabonyeza hadi mwisho, hesabu hadi 10 polepole kabla ya kuchomoa. Halafu toa sindano kwenye kalamu. Ukiiacha imefungwa, dawa huvuja na hewa huingia, na uwiano wa mchanganyiko huharibika.

Nichome wapi?

Tumboni, vidole viwili au vitatu mbali na kitovu. Mbele ya paja kwa upande wa nje. Makalioni juu. Nyuma ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ni sawa, lakini ni pagumu kujifikia mwenyewe. Dawa iingie kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, isifike kwenye msuli, na mshipani kamwe. Sindano ya kalamu ya milimita 4 inaingia wima. Kwa ya bomba, ambayo ni ndefu zaidi, mtu mwembamba hubana ngozi kidogo.

Hamisha sehemu kila siku, nafasi ya kidole kutoka ulipochoma jana. Watu hupenda pale pale kwa sababu pamekufa ganzi na hapaumi. Hapo hapo ndipo ngozi huota uvimbe laini wa mafuta, na insulini ikiingia humo hukaa na kutoka inavyotaka. Kila mwezi jipapase tumbo ukiwa umelala chali. Ukikuta uvimbe, upumzishe kwa miezi. Na ukihamia kwenye ngozi nzima, mwambie daktari kwanza, kwa sababu dozi ile ile sasa itaingia yote na sukari inaweza kuporomoka.

Usipake moto wala kusugua baada ya kuchoma. Anayekwenda kulima au kucheza mpira asichome pajani kabla ya kutoka.

Naweza kurudia sindano?

Imetengenezwa kutumika mara moja. Najua bei, na najua wengi wanarudia. Kama huna njia, basi iwe yako peke yako, ifunikwe, na uitupe ikianza kuuma. Usiifute kwa spiriti, kwani unaondoa utelezi wake. Kuazimana ni marufuku, hata mume na mke, hata kalamu ambayo sindano yake imebadilishwa, maana damu hurudi ndani. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini havijali ndoa.

Zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, la jiki au la sabuni ya maji, na likijaa lipeleke kituo cha afya. Usizitupe jalalani wanapopita watoto na waokota chupa.

Sina friji. Nifanyeje?

Kwanza, kichupa unachokitumia sasa hakihitaji friji. Kinakaa nje, mahali pa baridi na kivuli, kwa wiki 4 hadi 6 kutegemea aina yake. Karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho. Andika tarehe ya kukifungua kwa kalamu ya wino juu ya lebo. Hii tarehe ina maana kuliko watu wanavyodhani: kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Anayechoma 24 asubuhi na 12 jioni anakimaliza kabla ya mwezi. Anayechoma 14 na 6 angekaa nacho siku 50, na hapo muda wake umepita. Inauma kumwaga dawa ya pesa, lakini imwage.

Vya akiba vinataka nyuzi 2 hadi 8. Asiye na friji aombe avihifadhi kituoni na achukue kimoja kimoja. Ikishindikana, mtungi wa udongo unasaidia kweli. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji, na dawa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa isilowe. Kiweke kivulini penye upepo. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za wakimbizi Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako joto hucheza kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini za binadamu walizozipima zilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Habari njema hiyo, lakini isikufanye uache kichupa kwenye dashibodi ya gari. Na mtungi hupoza kwa maji kukauka, kwa hiyo Dodoma utafanya kazi vizuri kuliko Tanga wakati wa masika.

Barafu ni adui mbaya kuliko joto. Dawa iliyoganda hata mara moja imekufa, na ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima. Usiiweke kwenye friza, usiigusishe ukuta wa nyuma wa friji, na safarini usiitie moja kwa moja kwenye barafu. Ndegeni, ibebe mkononi.

Sukari ikishuka nitajuaje, na nifanye nini?

Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona mawili mawili, hasira isiyo na sababu. Watu wa nyumbani huiona hasira kabla ya mgonjwa kuijua. Ukipima ukakuta chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine zinazoonyesha miligramu), hiyo ni sukari ya kushuka. Ukiwa huna mashine na dalili zipo, usitafute mashine, tibu.

Vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Asali kijiko kikubwa. Subiri dakika 15, pima, rudia ikiwa bado. Ikishapanda kula chakula cha kweli, kwa sababu NPH bado iko kazini na itaishusha tena. Chokoleti na chapati zinachelewa, zisiwe za kwanza.

Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, si maji wala asali. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na mwambie daktari ni saa ngapi alichoma na yuniti ngapi.

Usiku?

Sindano ya jioni ina nguvu kati ya saa tano usiku na alfajiri. Shuka lililolowa jasho, ndoto za kutisha, kuamka na kichwa kinachouma: pima saa tisa usiku kwa siku mbili tatu kabla ya kuongeza dozi eti asubuhi ilikuwa juu. Pombe inazidisha hatari hii, kwani ini likiwa na kazi ya pombe haliachii sukari yake. Na aliyeshukiwa na sukari barabarani anafanana sana na mlevi, hivyo tembea na kadi inayosema una kisukari na unachoma insulini.

Nimesahau kuchoma. Niunganishe mbili?

Usiunganishe kamwe. Ukikumbuka ungali mezani, wengi huambiwa wachome hapo hapo. Zikishapita saa kadhaa, pima na upigie kliniki simu.

Naumwa, sili vizuri. Niache insulini?

Kuacha ndiko kunakoua, hasa kwa kisukari cha aina ya kwanza. Homa na malaria hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Pima kila baada ya saa chache, kunywa maji mengi, na ule uji au supu. Dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa, kwa hiyo wasiliana na kliniki mapema. Kutapika kusikokoma, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda ni hospitali sasa hivi, usiku huo huo.

Mwambie pia anayekutibu kwamba unachoma insulini. Kwinini inaweza kushusha sukari, na prednisolone, dawa ya steroidi, huipandisha. Propranolol, dawa ya presha na moyo, inaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo, jasho likabaki dalili pekee. Mwarobaini na mlonge navyo vitaje, hakuna atakayekugombeza.

Ramadhani nifunge?

Wengine wanaweza, wengine hawapaswi: mwenye aina ya kwanza isiyotulia, mjamzito, mwenye figo zilizochoka, na yeyote aliyepata kuzimia karibuni. Nenda kliniki kama miezi miwili kabla, usingoje mwezi uandame. Kwa kawaida dozi kubwa huhamia futari, na ya daku hupunguzwa kwa robo hadi nusu, lakini mpango wako uandikiwe. Daku isogezwe karibu na alfajiri. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu kwa rai ya wanazuoni wengi, kwa hiyo pima mchana. Ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hata kama adhana imebaki dakika kumi.

Ina nguruwe ndani?

Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Insulini za binadamu za sasa hutengenezwa maabara kwa kutumia hamira au bakteria, na protamini inayoichelewesha NPH asili yake ni samaki.

Nikianza sindano, ndiyo mwisho? Nitazoea nisiweze kuacha?

Insulini ni kitu ambacho mwili wako wenyewe ulikuwa unakitengeneza, hakuna uraibu hapo. Mwenye aina ya kwanza ataitumia maisha yote kwa sababu kongosho limekoma. Mwenye aina ya pili huenda akaianza kwa sababu vidonge vimezidiwa, na wapo wanaopunguziwa wakishapungua uzito. Mjamzito hupewa insulini kwa sababu haivuki kwenda kwa mtoto kwa kiasi cha kumdhuru.

Duka la dawa halina yangu. Mfamasia ananipa nyingine, nichukue?

Soma namba. 30/70 na 70/30 za insulini ya binadamu ni uwiano ule ule, ila moja imetaja ya haraka kwanza na nyingine imetaja ya kati kwanza. NovoMix 30 ina 30 pia, lakini muda wake wa kuchoma kabla ya kula ni mwingine, kwa hiyo piga simu kliniki kabla. Humalog Mix25 ni uwiano tofauti. Na ukipewa kichupa chenye dawa angavu kama maji, kama Actrapid, hiyo si mchanganyiko hata kidogo: ukichoma yuniti zako za asubuhi kutoka humo, zote zitafanya kazi kwa pamoja ndani ya saa chache. Usiikubali kama mbadala, na usiichanganye mwenyewe na ile ya kwako kwenye bomba moja. Njoo na boksi tupu la zamani kila unapokwenda dukani, uliweke kaunta kando ya jipya, muyasome pamoja kabla hujalipa.